Masanduku Mawili na Mdomo wa Mtani Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na nyinyi mlioketi nje kwenye benchi, asifiwe vilevile. Bibi Kalunde pale dirishani, shikamoo. Huyu ni Muislamu, mnamjua, hakuja kuokoka. Amekuja kuhakikisha siongezi chumvi. Basi leo nitasema kweli tupu, maana nikiteleza atanisahihisha mbele yenu wote.

Mimi ni Mama Eva. Nilizaliwa hapahapa Kerege, Mkwere kwa baba na kwa mama, nikaolewa nikaenda Msumbiji. Nilikaa kule miaka kumi na mmoja. Mume wangu alikuwa seremala, mtu mpole, na Mungu akatujalia watoto watatu. Kisha akaugua, akafariki, na kule sikuwa na ndugu wa kunishika mkono. Nikarudi nyumbani na watoto wangu na masanduku mawili makubwa ya mbao, ambayo marehemu aliyatengeneza kwa mikono yake. Hayo masanduku yawekeni akilini, nitayarudia.

Ndugu zangu, kurudi nyumbani si lelemama. Wazazi wangu walikuwa wametangulia mbele ya haki. Mjomba akanipa chumba kimoja. Nikaanza kukaanga mihogo kando ya barabara, mdogo mgongoni, wa kati ananivuta kanga, mafuta yanachemka. Siku moja yule wa kati akarukiwa na mafuta mkononi. Kovu lipo mpaka leo. Tangu siku ile nikawa nafanya kazi siku mbili, natulia tatu, kwa sababu sikuwa na mtu wa kuniangalizia watoto.

Dada yangu wa Chalinze aliposikia akaja na wazo. Ana mgahawa pale yanapolala malori. Akasema nimpe Eva, amsaidie vyombo, nami nipumue. Eva alikuwa na miaka tisa. Dada akasema shule ataendelea nayo hukohuko, lakini alipokuwa akisema hayo hakunitazama usoni. Nami nikamjibu nitafikiri, na moyoni nilijua nikikosa njia nyingine mwanangu ataondoka.

Ndipo nikasikia habari ya ruzuku ya serikali kwa kaya zisizo na uwezo zenye watoto. Watoto waende shule, wadogo wapelekwe kliniki, na mama anasaidiwa. Nikaenda kwa mwenyekiti na vyeti vya watoto, vimeandikwa Kireno kuanzia juu mpaka chini. Nilizungushwa, sitaki kudanganya. Barua hii, muhuri ule, rudi Jumatatu. Lakini Bwana alinivusha, watoto wakaandikishwa, na jina langu likaingia kwenye orodha. Likabaki jambo moja tu, mkutano wa hadhara.

Mkutano ule unakwenda hivi. Afisa anasoma jina, wananchi wanaulizwa kama huyo anastahili, wanakubali au wanakataa. Likasomwa langu. Bibi Kalunde akasimama.

Sasa, mgeni aliye kati yetu leo aelewe. Bibi Kalunde ni Mnyamwezi, mimi Mkwere, na sisi ni watani tangu enzi za mababu waliokuwa wakishuka na misafara mpaka Bagamoyo. Mtani akikutania hukasiriki. Unamrudishia, tena kwa riba.

"Huyu?" akasema. "Huyu katoka ng'ambo na masanduku mawili, watu wanne hawayainui. Yamejaa dhahabu! Niandikeni mimi, yeye anikopeshe."

Watu wakacheka. Nami nikasimama nikamjibu, "Dhahabu ipo, mpagazi wewe wa babu yangu. Njoo uibebe mpaka Tabora kama mlivyozoea."

Mkutano ukavunjika mbavu. Nikaketi nimefurahi, ndugu zangu. Tangu nirudi, siku ile ndiyo ya kwanza kujisikia niko kwetu.

Kumbe yule afisa alikuwa kijana mgeni, ametoka mbali, na utani wetu haujui. Yeye hakucheka. Aliandika. Orodha ilipobandikwa mlangoni, jina langu halikuwemo. Nikauliza, nikaonyeshwa karatasi: ana mali aliyorudi nayo kutoka nje, na mwenyewe amekiri mkutanoni.

Nimshtaki nani? Mtani hashtakiwi. Nimwendee kumwambia umeniumiza? Hapo nitakuwa nimevunja utani, na watu watasema Msumbiji imenifanya mgeni. Tena nilikuwa na kiburi, nakiri. Sikutaka mtu ajue yale masanduku yana nini. Basi nikanyamaza na uchungu wangu, nikaupeleka kwenye maombi.

Mnakumbuka ile wiki niliyoomba mfunge pamoja nami? Niliwaambia nina adui mwenye ulimi. Sikumtaja. Mkafunga siku tatu, Mchungaji akakemea mpaka sauti ikakauka. Adui mwenyewe ndiye huyo pale dirishani. Nilikuwa namwomba Bwana aufunge ule mdomo, na mdomo ukazidi kunoga! Nikipita anauliza bei ya dhahabu. Mchungaji, unisamehe, na nyinyi nyote mnisamehe. Mlishinda na njaa kwa ajili ya uchungu wangu.

Nikamtumia dada ujumbe, aje Jumamosi amchukue Eva. Nikafunga nguo zake kwenye kanga yangu, kifurushi kidogo, nikakiweka karibu na mlango. Eva alikuwa akikiruka tu kila akitoka.

Jumatano ya wiki hiyo tukafiwa na mzee wa ukoo wetu. Bibi Kalunde akaja msibani kama mtani anavyotakiwa. Akavaa kofia ya marehemu, akatembea kwa mwendo wa marehemu, akadai deni la marehemu la ugoro, mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Kisha akaja nyuma, tulikokuwa tunachambua mchele.

"Na huyu mwenye dhahabu," akasema, "sanda kanunua ya hariri?"

Sikumjibu. Kwetu, kutomjibu mtani ni neno zito kuliko tusi. Nikaangua kilio ambacho hakikuwa cha yule mzee, na kina mama wote walijua si cha yule mzee. Bibi Kalunde akavua kofia, akaketi chini kando yangu. Nikamweleza yote, jina kukatwa, Chalinze, kile kifurushi mlangoni.

"Waliyaandika?" akauliza. "Yale maneno yetu?"

Kesho yake asubuhi akaingia kwangu bila hodi. Akashika sanduku la kwanza, akajikaza kuliinua, likapaa mikononi mwake likiwa jepesi kama tenga tupu. Akabaki amelishika, ananitazama. Hapo ndipo alipojua. Akalitia kichwani, akaniambia nibebe la pili.

Tulipita barabarani hivyo, mimi na yeye, watu wakidhani nahama. Ofisini akayatua mbele ya afisa, akafungua. La kwanza lina blanketi na nguo za watoto zilizowabana. La pili lina viatu vya marehemu mume wangu na randa yake. Vyombo vingine vyote vya useremala nilishauza. Randa nilishindwa.

Mwenyekiti akamweleza yule kijana utani ni nini. Afisa akaomba radhi, tena kwa adabu, lakini akasema lililoamuliwa mkutanoni hutenguliwa mkutanoni. Wakaita mkutano Ijumaa alasiri.

Jina langu likasomwa. Bibi Kalunde akasimama, na watu wakaanza kucheka kabla hajafungua kinywa.

"Huyu hana kitu," akasema. "Nimebeba masanduku yake kwa kichwa changu. Nilitania."

Akaketi. Ndugu zangu, hakuna aliyewahi kumsikia Bibi Kalunde akisema maneno machache namna ile. Mikono ikaanza kunyooshwa, mmoja mmoja, mpaka sikuona wa kupinga.

Jumamosi dada akaja. Alikula, akapumzika, akarudi Chalinze na mihogo. Ruzuku ilichelewa kidogo kufika, lakini ilifika. Sasa wadogo wawili nawaacha kwa mama mmoja jirani anayelea watoto, kliniki hatukosi, nami nakaanga mihogo yangu nimetulia. Nalala usingizi, jambo nililokuwa nimelisahau.

Namshukuru Mungu, na namshukuru mtani wangu. Mimi niliomba ule mdomo ufungwe. Bwana alikuwa na kazi nao. Wewe uliyekaa na uchungu wako ukiuita adui, nakusihi, mtegemee Yeye, na umwambie mwenzio unapoumia. Pengine msaada wako anao huyohuyo unayefunga na kuomba dhidi yake.

Hii kanga niliyojifunga leo ndiyo niliyofungia kile kifurushi. Eva, simama wakuone. Haya, keti mwanangu. Keti hapohapo.