Nereida Despaigne Hakukosea Kusuuza

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Sogezeni redio karibu. Kama kahawa iko jikoni iepueni kwanza, halafu mkae.

Leo tunamkumbuka Nereida Despaigne. Amefariki juzi, Alhamisi, nyumbani kwake mtaa wa La Loma, hapa hapa Palma Soriano. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Nereida Despaigne, mfuaji. Kwa miaka thelathini na mmoja alifua nepi na mashuka kwenye kituo cha kulelea watoto cha kule bondeni, na alipostaafu aliendelea kufua kwake. Ameacha mtoto mmoja, Osmel. Ameacha mkwe mmoja, Maidelín, mke wa Osmel. Ameacha mjukuu mmoja, Lianet, wa miaka minne.

Nawaambia mapema, kumbukumbu ya leo haina raha. Kuna aibu ndani yake, na tutaisema. Maidelín alikuja hapa studio jana baada ya mazishi, bado amevaa nguo za msibani, akaniomba niisimulie mbele ya mji mzima. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akaniambia, "Dada Belkis, nikinyamaza tena, hata chakula hakitapita."

Basi tusikie.

Ninyi mliozalia La Loma mnajua mlivyoanza. Mimba ikifika mwezi wa nane, unachukua kile kitambaa cheupe cha mgao wa serikali, unakitia mfukoni, unampelekea Nereida. Kila mtu alifanya hivyo. Mama yangu alifanya, nami nikafanya. Maji ya kwanza ya nepi yalikuwa ya Nereida, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Yeye alikuwa na sababu zake. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani. Hakinyonyi. Mtoto akikojoa, mkojo unateleza juu yake kama juu ya jani la mgomba, mama analalamika kwamba nepi za kitambaa hazifai, kumbe hajazichemsha. Nereida alikichemsha mara tatu, siku tatu, na kila siku akakianika juani mpaka kikauke kabisa. Ndipo alipokikata vipande ishirini na vinne, akavipinda kwa cherehani yake ya kukanyaga. Halafu alikuita wewe na tumbo lako, anakukalisha, anakufundisha kukunja. Wa kike, unene weka katikati. Wa kiume weka mbele, "maana huyo anamwagilia bustani," alivyokuwa akisema, na kila mara alicheka mwenyewe kabla hujacheka.

Na kusuuza. Hapo hakuwa na mzaha. Alisuuza mara nne, halafu alichovya kidole kwenye maji ya mwisho akayaonja. Mate yakiwa na uchungu wa sabuni, anarudia. Siku moja nilimwambia nasikia kinyaa. Akanijibu, "Sabuni ikibaki kwenye nepi, mtoto ndiye atakayeionja, tena kwa makalio. Bora nianze mimi."

Hakuwahi kudai kitu. Alichotaka ni kuletewa mtoto amwone akishatimiza siku arobaini.

Lakini sisi wa La Loma tuna tabia yetu nyingine, na msijifanye hamuijui. Mtoto akizaliwa hatuulizi kwanza ana kilo ngapi. Tunatazama kamba ya kuanikia. Nepi zikiwa nyeupe pe, huyo ni mama. Zikiwa na rangi ya chai, tunasalimia kwa adabu, tukishavuka barabara tunaanza kusengenya. Nami nimetazama kamba za watu, tena sana.

Miaka minne na ushee iliyopita, Osmel alimleta Maidelín kutoka Santiago. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mjamzito, kucha zimepakwa rangi, mchangamfu. Dada yake aliyeko ng'ambo alikuwa amemtumia mapakiti sita ya pampasi. Siku Nereida alipotoa kitambaa cha mgao akitayarisha sufuria, Maidelín alicheka. Jirani yao Migdalia alikuwa amekaa pale barazani, na wote mnamjua Migdalia, jambo likimwingia sikio moja halitoki kwa la pili bali kwa mdomo.

"Mama, weka tu hayo," Maidelín alisema. "Mwanangu hatavaa matambara."

Nereida alikunja kitambaa chake akaingia ndani. Hakununa mbele ya mgeni. Zile nepi ishirini na nne alizichemsha na kuzipinda hivyo hivyo, akaziweka kwenye droo ya chumba cha mtoto bila kusema kitu.

Lianet akazaliwa. Wiki ya saba, pampasi zikaisha. Mzigo mwingine ulikuwa umekwama njiani, na hakuna aliyejua utafika lini. Osmel alikuwa dereva, akirudi Jumapili kwa Jumapili. Nyumbani walikuwa wanawake wawili na mtoto, na kati yao ukuta mmoja wa mbao.

Maidelín angeweza kugonga ukuta ule. Anasema alinyanyua mkono mara mbili. Lakini alikuwa ameshasema matambara, tena mbele ya Migdalia, na neno lile lilimkaa kooni. Kwa hiyo akafungua droo, akaanza peke yake.

Wasikilizaji wapendwa, alianza vibaya. Hakujua kwamba nepi ya haja kubwa huoshwa kwanza kwa maji baridi. Alizitumbukiza zote kwenye maji ya moto, doa likaiva likakaa. Siku ya tatu, nepi kumi na mbili zilikuwa za manjano. Akaogopa. Akasugua sabuni zaidi, na maji ya bomba yanakuja siku moja yanaruka mbili, kwa hiyo akasuuza mara moja tu, harakaharaka.

Na kamba je? Hapo ndipo penyewe. Asubuhi, Maidelín alichukua zile kumi na mbili ambazo hazijavaliwa, nyeupe, zenye pindo la Nereida, akazianika mbele ya nyumba ambapo kila mtu anaziona. Jioni alizianua. Kesho yake akaanika zile zile. Zile za manjano, zile zilizomgusa mtoto, alizikausha chumbani, chini ya kitanda, dirisha limefungwa. Hazikukauka. Alimvalisha mtoto mbichi hivyo hivyo, na sabuni yake ndani.

Mtaa ukamsifu. Msichana wa Santiago ana mikono, tulisema. Mimi mwenyewe nilipita, nikatazama kamba, nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Nepi kumi na mbili zinaning'inia asubuhi na mapema, hazidondoshi hata tone, wala sikujiuliza.

Nereida alijiuliza. Mfuaji wa miaka thelathini na mmoja hadanganywi na kamba. Alijua nepi zile hazijalowa. Alisikia ndoo upande wa pili wa ukuta, alisikia sabuni ikisuguliwa. Naye akakaa kimya, anangoja aombwe.

Siku ya tisa nesi wa kliniki ya mtaa, Idalmis, alikuja kumtazama mtoto kama anavyotembelea watoto wote wachanga. Majirani nao wakajaa mlangoni, kama tunavyojaa. Idalmis alimfungua Lianet. Mapaja yalikuwa mekundu, ngozi imechubuka, mtoto akiguswa kidogo analia mpaka sauti inakatika. Idalmis akanusa ile nepi. Akauliza, taratibu tu, "Nani anafua hizi?"

Nereida alikuwa amesimama na sinia la kahawa. Maidelín anasema alimwona mkwewe, akawaona na majirani, akamwona Migdalia. Akasema, "Anafua mama mkwe."

Anasema alitegemea Nereida atakana. Alikuwa ameshajiandaa kubishana naye.

Nereida aliweka sinia chini. "Ni mimi," alisema. "Macho hayanisaidii siku hizi. Sikusuuza vizuri."

Idalmis alimkaripia. Hakuwa na ubaya, alikuwa amempakata mtoto aliyechubuka. Alimwambia, bibi, kwa umri huo pumzika, waachie wenye macho. Nereida akajibu ndiyo binti yangu, nimesikia. Akagawa kahawa. Jua halijafika utosini, La Loma yote ilijua kwamba Nereida Despaigne amemchoma mjukuu wake kwa sabuni.

Wageni walipoondoka, alifunga mlango. Akapiga magoti, akazitoa zile nepi za manjano chini ya kitanda bila kuelekezwa. Akamwita Maidelín uani. Maji baridi kwanza, mwanangu. Kwangua, lowesha, halafu moto. Sabuni kidogo. Suuza mara nne, onja. Anika juani, hata zikiwa na doa, jua ndilo litakalolimaliza. Alimshika mikono akamwonyesha kukamua. Baada ya siku kumi, mapaja ya Lianet yalikuwa yamepona.

Maidelín alimuuliza kwa nini hakukana.

"Wataongea wiki mbili, watachoka," Nereida alimwambia. "Mimi nimeshalea. Wewe ndiyo kwanza unaanza, na hawa ndio utakaoishi nao." Halafu akaongeza, huku anakamua, "Na mimi nilikuwa nakusikia unavyohangaika. Nilitaka uje uniombe. Tumekaa na viburi vyetu wawili, mtoto akaungua."

Wiki mbili, alisema. Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa miaka minne.

Hakuna aliyemtukana. Sisi si watu wa kutukana. Tuliacha tu kwenda. Mimba zilifika mwezi wa nane, na vitambaa vya mgao vikapita mlangoni kwa Nereida vikiwa kwenye mifuko, kwenda kuchemshwa kwingine, vibaya. Alikaa barazani akawasalimia waliopita. Sufuria lake kubwa akalifunika kwa gunia.

Na sasa niseme langu, maana siwezi kusoma aibu ya Maidelín nikaificha yangu. Mwaka jana binti yangu alikuwa anangoja kujifungua. Kitambaa chake nilikibeba mimi kwenye mfuko. Nereida alikuwa barazani, akaniita, "Belkis, mtoto wenu anakuja lini?" Nikamwambia karibuni. Mfuko ule nikauhamishia mkono wa upande wa pili, asiuone. Aliuona. Mwanamke huyu alichemsha nepi nilizovalishwa mimi. Nilipita, nikaenda zangu.

Maidelín alikuwa anayaona yote haya. Kila mwaka alijiahidi kusema. Lianet alipotimiza mwaka mmoja, watu wamejaa uani, keki imekatwa, alisimama kabisa aseme. Akawashukuru wote kwa kuja, akaketi. Mwaka wa pili hakusimama. Alijiambia kwamba mama hajali. Mama anacheka, anapika maharage yake, anamsuka mjukuu, hajawahi kuligusia hata siku moja. Aliyajua makosa yake, lakini aliamini kwamba yule mzee ameshayasahau, na imani hiyo ilimpa usingizi kwa miaka minne.

Mwezi huu moyo wa Nereida ulichoka. Jumatano mchana Maidelín alikuwa anamlisha supu ya magimbi, kijiko kwa kijiko. Mtoto alikuwa anacheza uani. Na Maidelín, anasema hajui kilichomsukuma, alisema, "Mama, nitawaambia watu kuhusu zile nepi."

Alitegemea kuambiwa achana nayo mwanangu, ya zamani hayo. Alikuwa ameshaanza kupumua.

Nereida alimeza supu yake. Akamtazama. Akauliza, "Lini?"

Maidelín anasema alirudisha kijiko bakulini. Hilo neno moja lilimwonyesha kwamba mama alikuwa amesubiri, kila siku, miaka yote minne. Akamjibu, "Jumamosi, mama. Watu wakiwa majumbani."

"Jumamosi ni mbali," Nereida alisema.

Akageuza uso ukutani, akasema ameshiba. Alhamisi asubuhi, kabla maji ya bomba hayajaja, alikuwa ameshatutoka.

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Jumamosi.

Basi isikike, La Loma na mji mzima wa Palma Soriano. Nereida Despaigne hakumchoma mjukuu wake. Nereida Despaigne hakufua nepi zile. Macho yake yalikuwa mazima. Hakukosea kusuuza siku ile wala siku nyingine yoyote ya maisha yake. Narudia kwa wale ambao hawakuwa karibu na redio: Nereida Despaigne hakukosea kusuuza. Aliyekosea ameomba nimtaje, nami nimemtaja. Sisi wengine tuliopita na mifuko, hakuna atakayetutaja. Inabidi tujitaje wenyewe.

Osmel, pole sana. Najua umeyasikia haya jana tu, na najua uko hapo mezani hujui umtazame mkeo kwa jicho gani. Maidelín, pole, na asante kwa kuja, ingawa umechelewa, na wewe unajua umechelewa. Lianet, bibi yako alikuwa mfuaji bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Ukikua, mtu akikuambia vingine, mlete hapa redioni.

Na ninyi mnaonisikiliza, nawaomba mtafakari. Kuna mtu mliyemwacha abebe lenu. Mmejiambia hajali, kwa sababu hajasema. Kama bado yuko hai, ninyi mnamshinda Maidelín kwa bahati. Msingoje kipindi kiishe. Zimeni redio, mwende.