Kikohozi cha Jilala

Kijiwe cha Hatibu muuza kahawa kilikuwa nyuma ya stesheni ya Shinyanga: gogo moja refu, lililolainishwa na makalio ya watu wale wale kila asubuhi. Mwaka huo wa thelathini na mbili mvua zilichelewa, vumbi likatua hadi ndani ya vikombe, na habari ilikuwa moja tu: chuo cha walimu cha misheni kinajiandaa, maana mafua mabaya yamesikika ng'ambo na huenda yakafika. Mwisho wa gogo alikaa Zamoyoni, aliyewahi kuwa mpishi wa shule moja huko Ushirombo. Siku zote yeye ndiye aliyewazidi kwa maneno. Leo alikuwa akichorachora vumbini kwa kijiti.

— Wamejenga nyumba ya nyasi nje ya uzio, vitanda kumi na viwili, alisema Akida, mchukuzi wa mizigo waliyembandika jina Behewa. Na masanduku ya sabuni nimeyashusha mimi kwenye treni.

— Na kila mwanafunzi kikombe chake, akadakia Ngassa. Huyu walimwita Daktari, kwa kuwa aliwahi kufagia hospitali miezi miwili.

— Sabuni ya nini, na ugonjwa wenyewe haujaja? aliuliza Hatibu.

— Ndiyo hapo sasa! Wamepata dhahabu chini ya chuo, hawataki watu wasogee.

— Dhahabu inafuliwa kama shuka, Daktari?

— Wewe unajua nini? Umebeba masanduku tu.

— Najua hivi: mafua yanapita kwenye waya wa simu. Dar es Salaam wakipiga, anayepokea hapa anapiga chafya.

— Basi karani wa stesheni angekwisha kufa.

— Huoni alivyokonda?

Wakacheka mpaka Hatibu akamwaga kahawa. Zamoyoni hakucheka. Tangu alipoisikia ile habari ya vitanda, hakuwa amegusa kahawa yake.

Ndipo akaja mwalimu kijana, kaptula ya kaki, daftari kwapani. Aliitwa Telesphori.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwalimu. Karibu kahawa.

— Asante. Nimetumwa na mkuu wa chuo. Tumeandaa mengi, ila jambo moja linatushinda. Mafua yakifika Tabora, tuwarudishe wanafunzi makwao au tuwazuie? Natafuta mtu aliyekuwapo mafua yalipoua watu, ule mwaka vita ya Wajerumani ilipokwisha.

Behewa akamtazama Daktari. Daktari akatazama viatu vya mwalimu.

— Mimi nilikuwapo, alisema Zamoyoni.

— Walifanya nini?

— Walifunga shule. Wakanipa wanafunzi tisa wa njia moja, niwafikishe kwao kwa miguu. Siku ya pili mmoja akaanza kukohoa. Jilala. Kijana mkubwa, mwenye akili zake. Aliyetutuma alisema anayeumwa arudishwe shuleni. Jilala akanishika mkono, "Baba, nipeleke nikamwone mayu wangu." Ni mama yake aliyekuwa akimtaka. Nikawaambia wenzake ni vumbi.

— Ukampeleka?

— Nikampeleka. Mama yake alinichinjia kuku. Akanitandikia mkeka, akanishukuru hata nikaona haya. Wiki mbili baadaye nikapita njia ile ile nikirudi. Kuku walikuwa wanazurura. Nyumba saba, mwalimu, hapana moshi hata mmoja.

Hatibu alishikilia birika hewani kama aliyesahau alichokuwa anamimina.

— Hukujua, mzee, alisema Behewa taratibu. Nani alijua?

— Nilijua anakohoa.

Telesphori akakaa kwenye gogo, daftari kwenye goti.

— Kwa hiyo tuwazuie?

— Wazuieni. Anayekohoa asitoke kwenye ile nyumba ya nyasi, hata akilia. Na mama yake akija, asimame mbali amwone, amsikie sauti. Msimfiche kijana kama mfungwa. Mpikieni uji. Mtu mzima akae karibu naye, ili kijana asife akiita watu wasiokuwapo. Hilo ndilo ningefanya.

Mwalimu aliandika kila neno. Kisha akageuza ukurasa.

— Mkuu atataka majina, ili walimu waelewe kwamba hawa walikuwa watu. Jilala nimemwandika. Mama yake aliitwa nani?

Zamoyoni alikumbuka mikono ya yule mama iking'oa manyoya ya kuku, kovu kwenye kidole gumba, sauti yake ikimhimiza aongeze mchuzi. Alikuwa amemwita Mama Jilala, usiku mmoja na asubuhi moja, na hakuwa amemwuliza jina lake mwenyewe.

Telesphori alingoja, kalamu juu ya karatasi.