Uso wa Mdogo Wangu Mbeleje

Ndugu zangu, Bwana ametufikisha leo, jina lake lisifiwe. Mimi ni Tabitha. Mnanifahamu kwa kuimba, lakini hili sijawahi kulisema mbele yenu.

Nilikulia Nzuguni, karibu na Dodoma, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Kwa mama yetu tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Mbeleje. Mbeleje alikuwa mzuri, nami nilimwonea wivu, nasema kweli mbele za Mungu. Alipovunja ungo, chunusi zikamjaa mashavuni. Akaja kwangu akilia, maana wasichana walinijua kuwa fundi wa kuzitumbua kwa mwiba.

Ndugu zangu, sikumhurumia. Nilizitumbua moja moja hadi damu ikatoka, kisha nikampaka utomvu wa mnyaa, mti ule wa kuzungushia ua. Nilikuwa nimesikia kwamba unakausha. Alipolia kwamba anaungua, nilijua kweli anaungua. Nikamshika kichwa, nikampaka na shavu la pili.

Kesho yake uso wote ulikuwa malengelenge. Mama alipouliza nani amefanya hivi, nikawahi kujibu kwamba Mbeleje kajipaka mwenyewe. Mbeleje aliniangalia tu. Mama akamgombeza yule yule mgonjwa, nami nimesimama pale pale.

Vidonda vikatunga usaha, tukampeleka kwa miguu hospitali ya misheni. Muuguzi, mama mmoja wa Kigogo, alimwosha kwa maji yaliyochemshwa, akamfunga kitambaa safi. Akatuonya tusibandue vigaga vya vidonda, viachwe vidondoke vyenyewe, na jua lisimpige usoni mpaka ngozi ikomae. Vidonda vilipofunga kabisa, akanifundisha kuyakanda makovu taratibu kwa mafuta. Nikamwuliza kama yatafutika.

"Yatalainika," akasema. "Kufutika, hapana. Zile chunusi mngeziosha tu bila kuzitumbua, nyingi zingepita bila alama."

Miezi mingi nilimkanda mdogo wangu, vidole vyangu vikipita juu ya kazi yangu mwenyewe. Makovu yalilainika kidogo. Lakini Mbeleje alijifunika kaniki hata kanisani. Watu walimwita yule binti aliyejiunguza, na posa iliyokuwa imeletwa nyumbani ikarudi ilikotoka. Nami nikanyamaza miaka miwili, naimba kwaya.

Jumapili moja mhubiri alifundisha juu ya kuungama. Ndugu zangu, sikuweza kumaliza ibada. Nilitoka mbio hadi nyumbani, nikamkuta mama na Mbeleje wameketi uani. Nikapiga magoti mavumbini, nikasema yote, mpaka lile la kumshika kichwa. Mama akajifunika uso kwa nguo yake, akalia.

Mbeleje akasema, "Dada, nilikuwa nakungoja."

Alinisamehe siku ile ile. Bwana alinifungua, usingizi ukanirudia. Lakini ile miaka miwili siwezi kumrudishia, na kila ninapomsalimia naona mashavu yale. Mungu amenisamehe, na bado naumia.

Wasichana mnaonisikia, osheni nyuso zenu, mikono yenu iziache chunusi. Na wewe ambaye mtu mwingine amebeba lawama yako, nakusihi, mwamini Yesu, umwendee mtu huyo leo angali hai. Mimi nilidhani nitakufa kwa aibu nikisema. Sikufa. Ahsante, Bwana wangu, kwa kunivumilia.