Mama Kokulinda, Mkalimani wa Bibi Zetu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Kokulinda Byabato anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi: michache ya mwanzo Magu, mingine yote katika usharika wetu hapa Mabatini. Aliajiriwa kuwa karani wa ofisi. Akawa pia mtunza funguo, msuluhishi wa ugomvi wa kwaya na mkalimani wa mahubiri kwa Kisukuma.

Wageni huuliza Mhaya wa Bukoba amekipata wapi Kisukuma. Amekipata Magu, kwa akina mama wa mpunga waliomcheka bila simile mpaka akanyooka. Kwenye kazi hiyo hakuwa na mchezo. Mhubiri mmoja kutoka Dar alizunguka weee, akisimulia safari yake robo saa nzima. Mama Kokulinda akaimaliza kwa sentensi moja, wazee wakaitikia, kisha wakatulia kumsubiri mgeni wao, aliyekuwa bado njiani, afike.

Ningependa risala hii iendelee kuchekesha, lakini yapo ya aibu, na tukimuaga bila kuyasema tutakuwa wanafiki.

Pentekoste ya mwaka jana tulihubiriwa vizuri sana: Roho Mtakatifu aliposhuka, kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha aliyozaliwa nayo. Tukapiga vigelegele. Baada ya sadaka, baraza la wazee likatangaza kwamba ukalimani umefutwa, kwa kuwa unarefusha ibada na watu wa ibada ya pili wanasubiri nje juani. Tukaitikia amina, siku hiyohiyo, bila hata mmoja wetu kushtuka.

Mama Kokulinda hakubishana. Jumapili iliyofuata alikwenda kukaa benchi la nyuma, karibu na Bibi Bernadeta Nkwabi na wenzake, akawa anawatafsiria kwa kunong'ona. Mzee mmoja wa baraza akaenda kuwanyamazisha. Bibi Bernadeta, ambaye Kiswahili kinampita kama upepo, akamjibu kwa Kisukuma, kanisa zima likasikia: "Siku ya Pentekoste Waparthi walisemeshwa kwa lugha yao. Sisi Wasukuma wa Bujora tumekosa nini?"

Wengi wetu hatukuhitaji mkalimani kumwelewa. Nusu ya kanisa ni Wasukuma, na tukiwapigia simu mama zetu Kisesa hatusemi Kiswahili. Tuliona haya kusikika tukisema lugha ya nyumbani mbele ya watu wa mjini, Mhaya akatubebea bibi zetu. Uso tuuweke wapi?

Tulizoea kuipima Pentekoste kwa kelele za maombi. Mama huyu ametuonyesha kwamba Roho hakuwangoja watu wajifunze lugha ya mitume, aliwafuata walipokuwa. Mkristo aliyempokea Roho huyo naye humfuata jirani yake alipo, hata kama ni benchi la nyuma. Kunena hakutoshi kama aliye karibu nawe anarudi nyumbani hajaambulia neno.

Baraza sasa limeurudisha ukalimani. Tulipomuuliza Mama Kokulinda angependa zawadi gani, alisema anataka mtu wa kukaa pale anapokaa yeye, awatafsirie bibi zetu. Tulipotafuta wa kujitolea, macho yote yaliangalia sakafu. Mwishowe nikanyoosha mkono, na Jumapili iliyopita nilijaribu. Maneno ya mama yangu mzazi yalinikimbia moja baada ya jingine. Bibi Bernadeta alinisikiliza kwa heshima zote mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akaniuliza kwa upole yule Mhaya anarudi lini.

Nilimwambia tu, Mama, kwamba nitakuja tena Jumapili ijayo.

Asante kwa yote, na utusamehe. Nenda Bukoba ukapumzike, ule ndizi zako kwa amani, na Mungu akupe uzee mwema wenye watu wa kukusikiliza.

Obedi Masalu
Katibu, Baraza la Wazee