Mama Darubini, Aliyetenganisha Ndege kwa Macho

Dada yetu, ambaye wengi tulimzoea kwa jina la Mama Darubini, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, kitindamimba wa fundi saa na mshona nguo. Umbo dogo, sauti tele.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha sekondari ya wasichana hadi 1970. Hesabu aliiweza. Kushona kulimshinda, mama alisalimu amri siku alipomkuta ameshonea mkono wa gauni kwenye tundu la shingo.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuongoza ndege, akapanda mnarani uwanja wa ndege. Ndege za mbali zilikuwa za chumba cha rada, jengo la ng'ambo ya uwanja, na watu wa huko waliziachanisha kwa nafasi kubwa. Lakini mtu wa mnarani akiziona mbili kwa macho yake, hupiga simu: "Nimeziona zote, niachieni." Hapo zinaruhusiwa kukaribiana, na dhamana ni yake.

Tarehe 14 Machi 1976, saa nne asubuhi, alizichukua mbili hivyo. Mara wingu likaimeza moja. Kanuni ni kusema papo hapo, ila yeye alikuwa mwanamke pekee mnarani, na wapo waliongoja ateleze. Hata hivyo hakuficha. Akashika simu.

"Moja imenipotea. Zitenganisheni ninyi."

"Haya, naipandisha. Tulia, dada," akajibu bwana mmoja wa chumba cha rada.

Zote zikatua salama. Zamu ilipoisha, yule bwana wa rada akavuka uwanja kwa miguu, akapanda ngazi zote akihema.

"Nimekuja kukuona. Kule kwetu kila mtu hudai anaona kila kitu, hakuna anayekiri kimempotea."

"Umeshaniona. Rudi kazini."

"Zamu imekwisha."

"Basi keti, chai ipo."

Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977.

Mwaka 2006, kabla daktari yeyote hajagundua, alimwambia mkuu wake, "Jicho la kushoto limeanza kunidanganya. Niteremshe." Akateremka, akafundisha wenzake hadi 2011.

Moyo ulianza kumsumbua Julai 2021. Wagonjwa wenzake wodini walimjibu daktari, "Sijambo." Yeye alisema, "Leo vibaya kuliko jana. Andika hivyohivyo," wakacheka yeye na daktari. Alifariki tarehe 3 Februari 2023, saa tatu asubuhi, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu saba, na kaka yake mkubwa aliyeandika haya, ambaye hadi leo hajapanda ndege, kwa sababu habari zote hizi alisimuliwa na marehemu mwenyewe, mezani, bila kufichwa hata moja.

Mungu amjalie pumziko jema.