Bi Mnong'ono, Aliyemkumbusha Muuaji Maneno Yake

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ukumbi wetu wa maigizo, Bi Mnong'ono anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Tumeliona tangazo ubaoni, tumelisoma mara mbili, na bado hatujaamini.

Aliajiriwa kama mshonaji wa mavazi. Mwaka wake wa tatu, mwigizaji mmoja alikwama katikati ya sentensi, na mshonaji, akiwa nyuma ya pazia na sindano mkononi, akammalizia kwa kunong'ona. Kumbe mchezo mzima ulikuwa umemkaa kichwani kwa kusikia tu! Tangu siku hiyo akawa mkumbushaji wetu: kukaa pembeni na kitabu, kumtupia neno anayesahau. Kazi isiyoonekana ilimfaa, kwani akizungumza kwa sauti ana kigugumizi; akinong'ona, maneno yanateremka yenyewe.

Mchezo uliotupatia jina ni ule wa kale wa waziri anayemuua mfalme kwa sumu. Mjakazi aliyeshuhudia anamshitaki barazani kwa maneno machache, makavu. Waziri anajitetea kwa hotuba ndefu, tamu, yenye vina. Waziri nilikuwa mimi, na sifichi: nilikuwa nikiwateka watazamaji. Watu wameniona nikitia sumu kikombeni nusu saa tu iliyopita, lakini nikifungua kinywa wanafuta machozi. Jumapili moja mama mmoja wa mstari wa mbele alipaza sauti, "Maskini waziri wa watu, wanamwonea bure!" Mjakazi akazomewa. Mimi nikavimba kichwa. Binti aliyeigiza mjakazi alirudi chumba cha mavazi akilia.

"Muuaji anashangiliwa, mimi niliyesema kweli nazomewa," alisema.

Jumapili iliyofuata hakutokea. Ukumbi umejaa, saa tisa alasiri imefika, na hatuna mjakazi. Bila kumwuliza mtu, Bi Mnong'ono akavaa vazi la mjakazi na kuingia jukwaani. Tulipigwa na butwaa.

"Wa-wa-waziri ndiye a-a-aliyetia su-sumu..."

Watu wakaangua kicheko. Hakurudi nyuma. Alisukuma neno moja baada ya jingine, jasho likimtiririka, mpaka akalimaliza shitaka lote. Kicheko kikakauka.

Zamu yangu ikafika. Nikafungua kinywa, kichwani hamna kitu. Nikageukia pazia la kushoto kuomba neno, nikakuta kiti kitupu. Mkumbushaji alikuwa amesimama mbele yangu, ananishitaki.

Basi akanisogelea, akaninong'onezea utetezi wangu mstari baada ya mstari, bila kukwama hata mara moja. Kimya kilikuwa kizito, hata waliokaa nyuma kabisa walimsikia. Ufasaha wote ule ulitoka kwa mwanamke waliyemcheka. Mimi nilikuwa narudia tu kama kasuku. Niliwatazama watu nikitafuta chozi, sikuliona. Walikuwa wakiitazama mikono yangu, ile iliyotia sumu. Nimeigiza miaka mingi. Sijawahi kutazamwa vile.

Mwongozaji alimsihi aendelee kuigiza. Akakataa katakata, kisha akaenda mwenyewe nyumbani kwa yule binti na kumrudisha kazini. Tangu hapo, kila anayepewa nafasi ya waziri hupita kwanza mikononi mwa Bi Mnong'ono: hueleza alichokifanya waziri kwa maneno ya kawaida, bila pambo, ndipo apewe hotuba. Wawili wamewahi kuomba nafasi nyingine.

Wiki iliyopita nilimwuliza kwa nini siku ile hakuniacha niumbuke.

"Ka-kazi ni kazi," alijibu. "Na mu-muuaji naye asikilizwe. Ila watu wa-wamsikilize macho wazi."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema, mimi niliyelipwa miaka yote hii kwa kusema.

Mumewe, fundi seremala wetu, anatuonya kwamba huko nyumbani mkewe ndiye msemaji mkuu, kwa hiyo atakayemtembelea ajiandae kukaa sana. Dada yetu, ahsante kwa uvumilivu wako na kwa aibu uliyotufundisha. Pumzika kwa afya na furaha, ukizungukwa na wanaokupenda. Sisi tumo miongoni mwao.