Neno Aliloliacha Karani Stanislausi Wanzagi

Ndugu wafiwa, majirani wa Nyamuswa, na wewe Wegesa binti Magige ambaye tumekuwekea kiti mbele: karatasi hii nimeiandika mimi Clementi, mdogo wake marehemu, fundi cherehani wa Bunda. Marehemu mwenyewe aliniagiza niiandike, akanipa na neno moja la kutia ndani yake. Nisiporuka mstari, mtalisikia.

Stanislausi Wanzagi alizaliwa Butiama mwaka 1906, wakati wa Mdachi, akiwa mtoto wa kwanza wa wazazi wetu. Mama alipenda kusimulia kwamba akiwa na miaka kama sita alivunja kibuyu cha maziwa, akaenda kwake analia: “Mama, kibuyu kimeanguka.” Mama akamuuliza, “Kimeanguka chenyewe, au umekiangusha?” Hakupata chakula mpaka alipolisema vizuri. Mama alikuwa akicheka kila akifika hapo.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1918 hadi 1924, akaishia darasa la sita. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, hata Padri akampa kazi ya kuandika vyeti vya ubatizo. Alikuwa na kiburi na mwandiko huo, nisiwadanganye. Barua ya kwanza niliyomwandikia alinirudishia ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu.

Mwaka 1926 aliajiriwa kupima pamba Musoma, na Januari 1934 akawa karani wa baraza dogo la wenyeji upande wa Bunda. Karani hahukumu, lakini kalamu anayo yeye, na Stanislausi hakuwa tayari kuandika jambo ambalo halijakaa sawa. Siku zile kila aliyeshitakiwa kwa kumuumiza mwenzake au kumharibia mali alikuja na maneno mawili mdomoni: bahati mbaya. Marehemu aliyachukia. Alisema madhara ni ya aina tatu. Kuna makusudi, kama mtu anayemwinulia jirani rungu na kumpiga, hata akidai alitaka kumtisha tu. Kuna uzembe: hukutaka mtu aumie, lakini ulijua anaweza kuumia, kuzuia uliweza, na hukuzuia. Mwisho kabisa ndiyo bahati mbaya, na kwake hiyo ilikuwa radi, basi.

Wengi wenu mnaikumbuka siku ng'ombe wa Chacha walipomaliza muhogo wa Twalib, seremala wa pale Kabasa.

“Ng'ombe zangu ziliingia kwa bahati mbaya, karani,” Chacha alisema.

“Zizi ulifunga?”

“Nafungaga.”

“Siku hiyo je?”

“Siku hiyo nilikuwaga kwenye pombe.”

“Basi naandika uzembe. Bahati mbaya ni kwamba pombe ilikuwa tamu.”

Baraza zima lilicheka, Chacha naye akacheka, akalipa mbuzi wawili. Kuhusu fidia marehemu alikuwa akieleza kwamba kazi yake ni kumrudisha aliyeumizwa pale alipokuwa kabla ya kuumizwa: dawa alizonunua, kazi aliyoikosa, na maumivu pia, ingawa maumivu hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kuyapima.

Tarehe 12 Septemba 1931 alifunga ndoa kanisani na Skolastika, ambaye leo ni mjane wake. Walijenga hapa Nyamuswa, wakajaliwa watoto wanne. Shemeji yangu amevumilia mengi katika nyumba ile, na yanayofuata ameniruhusu kuyasoma.

Ijumaa tarehe 1 Machi 1946 marehemu alimaliza kuchimba shimo la choo nyuma ya nyumba, kando ya njia ambayo watu wote hupita kwenda sokoni. Alikata miiba ya kulizungushia, akailaza ukutani. Jumamosi akaitwa Musoma kuchukua madaftari ya baraza. Alirudi Jumapili, akaiona miiba pale pale ukutani, akasema ataiweka kesho. Jumatatu mvua ilinyesha kutwa. Jumanne alfajiri Wegesa, mfinyanzi, alipita na vyungu sita kichwani na mimba ya miezi mitano, akatumbukia. Nyonga ilivunjika. Mtoto hakupona.

Wegesa alishitaki katika baraza lile lile. Kwa kuwa karani ndiye mshitakiwa, hakimu aliandika mwenyewe. Akamuuliza ilikuwaje. Stanislausi, aliyewakatalia watu neno hilo kwa miaka kumi na miwili, alisimama akatazama sakafu, akasema, “Bahati mbaya, bwana hakimu.”

Wegesa alikuwa amelazwa juu ya machela. Alipaza sauti: “Mumuulize miiba aliweka?”

Akaambiwa karani ameshaeleza. Shauri likafutwa kabla ya saa nne.

Marehemu aliogopa. Uzembe ungeandikwa kwenye daftari lake mwenyewe, angepoteza kazi, na watoto walikuwa shule. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Aliposema vile nilimshukuru Mungu. Leo naona haya mbele yenu.

Kesho yake alilifukia shimo. Akarudi kazini, lakini kuanzia siku ile mtu akisema bahati mbaya, Stanislausi aliandika bahati mbaya. Hakuuliza kama zizi lilifungwa, hakuuliza kama moto ulizimwa. Watu walitambua upesi. Ng'ombe wa Chacha waliingia tena kwa Twalib mara mbili, na safari hizo hakuna aliyelipa, mpaka Twalib akauza shamba, akahamia Guta. Naye Stanislausi hakuwa na mdomo wa kumkemea mtu. Aliacha kazi Desemba 1951, akawa mkulima.

Lakini Jumamosi hakulima. Kila Jumamosi, tangu mwaka ule wa shimo, kwa miaka kumi na moja, alifunga gunia la udongo wa mfinyanzi nyuma ya baiskeli yake, akalipeleka kwa Wegesa, ambaye hakuweza tena kushuka mtoni. Zamani Wegesa alimwita Baba Alfonsi, kwa jina la mtoto wetu mkubwa. Baada ya shauri lile alimwita Karani.

“Udongo napokea, Karani,” alikuwa akimwambia. “Neno je?”

“Nitakuja nalo.”

Mara moja alijaribu kumweleza habari za fidia, kwamba udongo ule ni sehemu yake. Wegesa akamjibu, “Si unasema fidia inamrudisha mtu? Nirudishe basi pale njiani na vyungu vyangu, kabla sijakanyaga.” Marehemu alirudi nyumbani anakokota baiskeli, hakuipanda.

Mwezi Februari mwaka huu miguu ilianza kuvimba, kisha pumzi ikawa inamkatika. Tulimpeleka hospitali Musoma tarehe 3 Juni, tukaambiwa moyo umechoka. Jumatano, tarehe 19, alinishika mkono wa shati akasema: “Clementi, nirudisheni Nyamuswa. Nataka kwenda kwa Wegesa mwenyewe.” Tulitafuta gari, tukaahidiwa la kesho yake mchana. Alipoona saa zinakwenda aliniambia nichukue kalamu. Alifariki Alhamisi tarehe 20 Juni 1957, saa tatu asubuhi, gari halijafika.

Haya ndiyo maneno yake, na hakuniruhusu kuyapamba: “Haikuwa bahati mbaya. Njia niliijua, watu niliwajua, miiba nilikuwa nayo. Ulikuwa uzembe wangu, Stanislausi Wanzagi. Baraza nililidanganya, na hilo nililifanya kwa makusudi.”

Ameacha mjane, Skolastika, watoto wanne, Alfonsi, Petronila, Magdalena na Yustini, wajukuu watatu, na mimi mdogo wake. Mtoto wa Wegesa ambaye hakuzaliwa angekuwa na miaka kumi na moja mwezi ujao. Familia imeona naye atajwe hapa.

Kaburi hili lilichimbwa jana mchana. Mmeona limezungushiwa miiba usiku kucha. Niliiweka mwenyewe, nikarudi mara mbili kuikagua.

Jana hiyo hiyo nilikwenda kwa Wegesa, nikamsomea yote haya kabla hayajapigwa chapa, maana sikutaka ayasikie mbele ya watu kwanza. Alikuwa analainisha chungu, hakuacha kazi. Nilipomaliza akasema:

“Mimi uzembe nilikuwaga naujua tangu siku ile. Nilitaka yeye auseme, mimi nikiwa namwangalia.”

Nikamwambia nisamehe, Wegesa, nimeleta karatasi. Nikamuuliza mstari wa mwisho niuandikeje, maana desturi ni kumwombea marehemu apumzike kwa amani, na sikuona kama nina haki ya kuuandika bila ruhusa yake. Alifuta mikono kwenye kanga.

“Andika alale,” alisema. “Hiyo amani bado naifikiria.”

Nami nimeandika alivyosema. Stanislausi Wanzagi, alale.